Neno "usher" lina maana ngapi? Naomba mnieleweshe

fundi_maneno ameuliza:

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada wenu kwenye neno moja tu la Kiingereza, usher. Nina kazi za kutafsiri na neno hili limejitokeza kwenye mafaili matatu tofauti, na kila nikilisoma naona kama ni kitu kingine kabisa.

La kwanza ni ratiba ya harusi, kuna orodha ya vijana wameandikwa ushers na chini yake kuna orodha nyingine ya wale wanaosimama na bwana harusi, sasa hawa wawili wanatofautianaje? La pili ni maelezo kwa mashahidi wanaoitwa mahakamani Uingereza, wanaambiwa ukifika tu mtafute usher umwambie umefika. Huyu ni askari? ni karani? Na la tatu ndo limenichanganya, ni kijarida cha afya kinaeleza ugonjwa unaoitwa Usher, unaohusu watu wenye shida ya kusikia na kuona kwa pamoja. Usher na masikio wapi na wapi jamani.

Kamusi niliyonayo imeandika bawabu, mkaribishaji, basi imeishia hapo. Mi sitaki kuweka neno ilimradi pengo lizibwe, nataka shahidi akisoma ajue anamtafuta nani na mzazi mwenye mtoto mgonjwa asome aelewe. Wenye ujuzi naombeni mfunguke.

---

mzee_wa_asili:

Karibu sana mdau, umeuliza swali zuri. Anza na mlango. Neno lenyewe waingereza walilichukua kwa wafaransa wa zamani waliokuwa wanasema ussier au huissier, na wafaransa nao walilitoa kwenye Kilatini, ostiarius, yaani mtu wa mlangoni, kwa sababu ostium kwa Kilatini ni mlango. Kwa hiyo usher wa kwanza kabisa alikuwa bawabu, anasimama mlangoni anaangalia nani anaingia na nani haingii. Na ukiangalia bawabu wetu na yeye katoka kwenye Kiarabu, bab ni mlango, kwa hiyo hapo kamusi yako haikukosea, ilichukua maana ya mwanzo kabisa.

Shida ni kwamba neno halikubaki mlangoni. Bawabu wa mfalme kazi yake ilikuwa pia kumtangulia mgeni mpaka mbele ya mfalme na kutaja jina lake, maana huwezi kumwacha mgeni azurure ndani ya jumba peke yake. Hapo ndo kazi ikahama kutoka kulinda mlango kwenda kuongoza watu. Leo ukisema usher watu wengi wanawaza yule anayekupeleka kwenye kiti, wazo la kuzuia watu limefifia, ingawa ukichunguza bado limo.

Kanisa katoliki nalo lilikuwa na cheo hichohicho cha ostiarius, kilikuwa ngazi ya chini kabisa kwenye safari ya kuelekea upadri, na alikuwa anakabidhiwa funguo za kanisa. Papa Paulo wa Sita ndiye aliyekiondoa mwaka 1972. Na Biblia ya Kiswahili ukisoma Mambo ya Nyakati wa Kwanza sura ya 9 utakuta hesabu ya mabawabu wa malango, 212, ilikuwa kazi ya ukoo na ya heshima kubwa. Naeleza haya ili usione bawabu ni neno la kudharaulika.

---

dada_wa_safu_ya_mbele:

Mi nimehudumu kama usher kanisani na kwenye harusi kwa miaka mingi kwa hiyo naongelea kazi yenyewe, asili ya neno nawaachia wazee.

Kuhusu ratiba ya harusi, kwanza jua ratiba imeandikwa na watu wa wapi. Kwa wamarekani ni watu wa aina mbili, kuna wanaosimama mbele na bwana harusi wakati wa kufunga ndoa na kuna ma-usher ambao kazi yao ni wageni tu, kupokea, kugawa ratiba, kuketisha. Mtu mmoja anaweza kufanya vyote viwili ila kazi ni mbili. Waingereza wao kwa kawaida wale vijana wa bwana harusi wote wanawaita ushers, halafu haohao ndo wanaketisha wageni kabla ibada haijaanza. Ratiba yako ina orodha mbili kwa hiyo nahisi imeandikwa kwa mtindo wa kimarekani, hao wa kusimama na bwana harusi waite wapambe, na hao wengine waite wapokea wageni. Usiwaite bawabu kwenye ratiba ya harusi tafadhali, wageni watadhani umewakodia walinzi.

Sasa niseme kitu kuhusu kazi maana watu wanaidharau sana, wanaona ni kuvaa vizuri na kutabasamu. Usher anatakiwa afike kabla ya kila mtu, aujue ukumbi wote, vyoo viko wapi, mlango wa dharura uko wapi na haujafungwa kwa kufuli, viti vya familia ni vipi, kiti cha magurudumu kitakaa wapi bila kuziba njia. Watu wakianza kuingia unajaza kuanzia mbele na katikati ya safu, pembeni unaacha nafasi chache kwa ajili ya watakaochelewa na kwa mama mwenye mtoto mchanga ambaye lazima atatoka toka. Ukijaza pembeni kwanza kila anayekuja anaruka magoti ya watu. Na unamwonyesha mtu kiti kwa kiganja kilichofunguka, humnyooshei kidole.

Na ngumu kuliko yote ni kujua saa ya KUTOINGIZA mtu. Watu wako kwenye sala, au bibi harusi anatembea kuelekea mbele, mgeni kafika kachelewa na anataka kupita tu, wewe unamzuia kwa upole mpaka ipatikane nafasi. Anaweza kuwa mtu mkubwa, anaweza kukukunjia sura, lakini unamzuia. Nimesoma hapo juu mzee_wa_asili anasema wazo la kuzuia limefifia, mi nasema halijafifia hata kidogo, hiyo ndo nusu ya kazi.

---

mzee_wa_asili:

Dada nakubali kabisa, umenisahihisha vizuri. Na ndo hivyohivyo kwenye kumbi za muziki na maigizo, ukichelewa onyesho limeanza usher anakuweka nje mpaka kipande kiishe halafu ndo anakupeleka, tochi anaielekeza chini kwenye sakafu isiwapige wengine machoni.

---

wakili_kijana:

Nije kwenye faili lako la pili. Usher wa mahakama za Uingereza sio askari, sio karani na wala hana mamlaka yoyote ya kuamua kitu. Ila bila yeye chumba cha mahakama hakiendi. Asubuhi anazunguka na orodha yake anaangalia nani kafika, mawakili, mashahidi, mshtakiwa, ndo maana wanakwambia ukifika mtafute huyo kwanza, usipojiandikisha kwake kesi inaweza kuitwa na wewe umekaa nje kwenye benchi hakuna anayejua upo. Yeye ndo anaita kesi, anamwongoza shahidi mpaka kizimbani, anampa kadi ya kiapo au kitabu cha dini yake, anapokea nyaraka kwa wakili anampelekea jaji. Kwenye kesi zenye juri, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, wakienda kujadiliana yeye ndo anakaa mlangoni kwao kuhakikisha hakuna mtu anaongea nao, na anakula kiapo kabisa kwa ajili ya hilo. Tena mlango huohuo aliousema mzee.

Utamtambua kwa joho jeusi, mara nyingi na yeye analivaa kama mawakili kwa hiyo shahidi asiyezoea anaweza kuwachanganya, labda uongeze maelezo hayo kwenye tafsiri kama mteja wako ataruhusu. Mi ningeandika mhudumu wa chumba cha mahakama. Karani usiandike, karani ni mtu mwingine kabisa na yupo mlemle ndani kaka.

Tahadhari moja: ukikutana na huissier kwenye nyaraka za kifaransa usikimbilie hapa. Neno ni ndugu wa usher ila huissier wa Ufaransa ana meno, ndo anayekuletea hati za mahakama nyumbani na anaweza kukamata mali kutekeleza hukumu. Tangu Julai 2022 cheo hicho kule kimeunganishwa na cha madalali wa minada ya mahakama na kina jina jipya, ila kwenye nyaraka za zamani utakutana nacho sana, na nchi nyingine zinazotumia sheria za kifaransa bado wanalitumia. Kwenye tafsiri hao wanakaribiana zaidi na dalali wa mahakama, usher wa kiingereza yuko mbali nao.

---

mpenda_historia:

Na usisahau ma-usher wakubwa jamani! Bunge la Uingereza kuna afisa wa nyumba ya Malord anaitwa Black Rod, jina kamili la cheo lina neno usher ndani yake, Usher wa Fimbo Nyeusi. Siku mfalme anafungua bunge huyu ndo anatumwa kwenda kuwaita wabunge wa nyumba ya Makabwela, akikaribia wanamfungia mlango usoni kwa kishindo, anagonga mara tatu kwa fimbo ndo wanafungua. Watu wanakumbuka Januari 1642 mfalme Charles wa Kwanza alivyoingia bungeni mwenyewe na askari kutaka kuwakamata wabunge watano akakuta wameshaondoka, tangu hapo wanasisitiza kwamba mtu wa mfalme haingii mpaka wao wenyewe wafungue. Mwaka 2018 cheo hicho kilishikwa na mwanamke kwa mara ya kwanza, Sarah Clarke, ikabidi na jina la cheo libadilike maana zamani liliandikwa kwa ajili ya wanaume tu.

Marekani nako, ikulu yao White House anayesimamia jumba lote la makazi ya rais, wapishi, wasafishaji, mafundi, maua, bajeti, matengenezo, anaitwa Usher Mkuu. Wa zamani mmoja Ike Hoover aliingia pale 1891 kama fundi wa kufunga nyaya za umeme wakati ikulu inapata umeme kwa mara ya kwanza, akabaki mpaka akawa Usher Mkuu na akafia kazini 1933. Hapo ukitafsiri mkaribishaji mkuu umepotea, huyo ni msimamizi mkuu wa makazi ya rais.

Na kama utasoma maandishi ya kiingereza ya karne ya 18 na ya 19 yanayohusu shule, usher hapo ni mwalimu msaidizi, yule wa chini ya mwalimu mkuu anayefundisha madarasa ya wadogo. Matumizi hayo yamekufa siku hizi ila kwenye vitabu yapo.

---

tabibu_msomaji:

Naona kila mtu anakwepa faili la tatu, ngoja nilichukue mimi kwa sababu hapo ndo kosa linaweza kumuumiza mtu.

Usher kwenye ugonjwa ni JINA LA MTU. Charles Usher, daktari wa macho wa Scotland, mwaka 1914 aliandika kuhusu familia zenye ugonjwa huu akaonyesha kwamba unarithiwa. Mjerumani Albrecht von Graefe alishauelezea tangu 1858 lakini jina limebaki la Usher. Kwa hiyo hapo hakuna cha kutafsiri, andika sindromu ya Usher, U kubwa, basi. Halafu nguvu zako zote ziweke kwenye maelezo yanayofuata.

Ni hivi. Mara nyingi mtoto anazaliwa na usikivu hafifu au hasikii kabisa, halafu miaka inavyokwenda chembe za nyuma ya jicho zinazopokea mwanga zinakufa polepole. Anaanza kutoona usiku au kwenye chumba chenye giza, kisha anapoteza kuona kwa pembeni, anabaki anaona mbele tu kama anachungulia kwenye bomba. Wengi uoni wa katikati unakaa muda mrefu kwa hiyo mtu anaweza kusoma kitabu vizuri halafu akajikwaa kwenye kiti kilicho pembeni yake, na watu wakamwambia ni mzembe. Hilo linaumiza sana wagonjwa, natamani kijarida chako kilieleze kwa lugha nyepesi.

Kuna aina tatu. Ya kwanza mtoto ni kiziwi tangu kuzaliwa na mwili hauna msawazo mzuri, anachelewa kukaa na kutembea, macho yanaanza kusumbua mapema utotoni. Ya pili anasikia kidogo tangu kuzaliwa, msawazo uko sawa, macho yanaanza kusumbua kwenye ujana. Ya tatu anazaliwa anasikia vizuri halafu kusikia na kuona vyote vinapungua baadaye. Ni lazima mtoto arithi jeni yenye hitilafu kwa baba NA kwa mama, wazazi wenyewe wanakuwa wazima kabisa hawana dalili, na kila mimba inakuwa na uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Hapo tafadhali tafsiri kwa uangalifu mkubwa, usiandike kitu kitakachofanya mama aonekane ndo kaleta ugonjwa, maana majumbani lawama huwa zinaangukia upande mmoja.

Tiba ya kuuondoa kabisa bado haipo, ila kuna vifaa vya kusikia, kuna kupandikizwa kifaa ndani ya sikio, kuna mafunzo ya kutembea na fimbo nyeupe, na lugha ya alama ya kugusana mikononi kwa wale ambao wamefikia hatua ya kutoona pia. Ukifika kwenye neno la hao watu andika viziwi wasioona, hilo ndo linalotumika.

---

fundi_maneno:

Aisee nashukuruni sana, sikutegemea. Tabibu hilo la mama na baba nimelipokea, nimerudi kuangalia sentensi yangu kweli ilikuwa inaweza kusomeka vibaya, naibadilisha leo hii. Wakili na wewe asante, mhudumu wa chumba cha mahakama inakaa vizuri.

Swali dogo la nyongeza, kwa hiyo Usher wa ugonjwa na usher wa mlangoni hawahusiani kabisa?

---

mzee_wa_asili:

Wanahusiana kwa mbali, kwenye ukoo. Usher kama jina la familia limetokana na kazi, kama waingereza wengine wanavyoitwa Smith kwa sababu babu alikuwa mhunzi. Kwa hiyo huko nyuma kabisa ukoo wa huyo daktari inaelekea ulianza na mtu wa mlangoni. Ukumbi mmoja mkubwa wa muziki wa Edinburgh unaitwa Usher Hall, wengi wanadhani ni kwa sababu ya wale wanaoketisha watu kumbe ni jina la Andrew Usher, mfanyabiashara wa pombe aliyetoa pauni 100,000 ujengwe, ulifunguliwa 1914, mwaka uleule wa andiko la daktari. Na yule mwanamuziki wa Marekani anaitwa Usher kwa sababu ndo jina alilopewa na wazazi, Usher Raymond wa Nne.

---

neno_kwa_neno:

Nimechelewa kwenye uzi huu lakini niongeze kitu kuhusu kitenzi maana hakuna aliyekigusa, na kwenye tafsiri kitenzi ndo kinasumbua zaidi ya jina.

Kiingereza kinabeba safari nzima ya mgeni ndani ya neno moja. Sisi kila hatua ina neno lake. Ukimfuata mgeni kabla hajafika UNAMLAKI. Akifika mlangoni UNAMPOKEA. Unamwambia ingia, UNAMKARIBISHA. Unatangulia yeye anafuata, UNAMWONGOZA. Unampa kiti, UNAMKETISHA. Akiaga unatoka naye, UNAMSINDIKIZA. Kwa hiyo ukikuta kitenzi usher usitafute neno moja la kulitumia kitabu kizima, jiulize tu miguu ya watu iko wapi kwenye hiyo sentensi halafu chagua. Na wakisema mtu kawa ushered out, angalia kama katolewa kwa heshima au kwa nguvu kidogo, ukiandika alisindikizwa wakati walinzi walimtoa ukumbini utakuwa umepotosha, hapo andika alitolewa nje.

Halafu kuna ile ya magazeti, tukio fulani lime-usher in zama mpya. Hapo hakuna mgeni wala mlango, andika lilifungua zama mpya, au ndo mwanzo wa zama mpya. Nimeona watu wanaandika liliikaribisha zama mpya, hapana, inasomeka kama zama zilikuja zenyewe na tukio likazipokea, wakati mwandishi anasema tukio ndo lilizileta.

---

dada_wa_safu_ya_mbele:

neno_kwa_neno umenifurahisha, hiyo orodha naichukua nikawafundishie wapya kanisani, maana wengi wanajua kuketisha tu, kusindikiza hawajui. Ibada ikiisha wanaondoka na wao, wazee wanabaki wanahangaika na ngazi.

Na fundi_maneno kama kwenye ratiba kuna wasichana kati ya hao wapokea wageni usihangaike na neno tofauti. Kiingereza cha zamani walikuwa na usherette, hasa wale wadada wa kwenye majumba ya sinema wenye tochi, siku hizi halitumiki sana. Mpokea wageni kwetu ni mwanamke au mwanaume, sawa tu.

---

fundi_maneno:

Wapo wawili dada, nimewaweka humohumo kwenye orodha moja. Wapambe wa bwana harusi juu, wapokea wageni chini. Mafaili yote matatu yanakwenda kwa wateja kesho asubuhi.